Ng'ombe Ndani ya Nyumba: Watu, Ardhi na Maji ya Ukara

Aliyeingia nyumba ya Mkara katika miaka ya 1930, akitoka kwenye jua kali na mchanga unaong'aa, alianza kwa kusikia pumzi kabla macho hayajazoea giza. Pumzi nzito, ya taratibu, karibu kabisa na mahali alipokaribishwa kuketi. Halafu harufu: moshi wa jikoni, nyasi mbichi, samadi. Macho yakizoea, aliona kwamba upande mmoja wa nyumba sakafu imechimbwa shimo, na ndani ya shimo hilo amesimama ng'ombe, mgongo wake haukuzidi sana usawa wa mkeka wa mgeni.

Ng'ombe huyo hakuwa amefichwa mvua wala wezi. Hapo ndipo alipoishi. Nyasi aliletewa, maji aliletewa, majani ya miti aliletewa. Mabaki ya malisho na takataka za shambani zilitupwa chini ya miguu yake, akazikanyaga, akazichanganya na mavi na mkojo wake, na siku zikienda akawa anapanda. Shimo lilijaa polepole chini yake. Lilipojaa, watu wa nyumba walishika majembe na vikapu, wakalifukua, wakabeba kichwani mzigo mmoja baada ya mwingine hadi shambani. Kisha ng'ombe alirudi chini na kuanza kupanda upya.

Nimeanza na shimo hili kwa sababu naamini historia ya Ukara inaweza kusomwa kutoka humo. Idadi ya watu wa kisiwa, namna walivyojenga, walichokula, na sababu ya watoto wao kuhama: vyote vinapita kwenye shimo la ng'ombe.

Ukara iko kaskazini mwa Ukerewe, sehemu ya kusini ya Ziwa Viktoria, katika mkoa wa Mwanza. Ni kisiwa kidogo, kama kilomita za mraba 77, ambacho leo kimegawanywa katika kata nne: Bwisya, Bukiko, Bukungu na Nyamanga. Kimejaa majabali. Miamba ya granaiti imesimama kila mahali, mingine imepangana kama iliyowekwa na mkono wa mtu, na lipo hata jiwe moja maarufu ambalo wenyeji hulichezesha mbele ya wageni. Miamba hiyo ikimomonyoka kwa karne na karne huzaa udongo wa mchanga, mwepesi, usioshika mbolea wala maji. Mvua ya ziwa ni nyingi, lakini mvua nyingi juu ya mchanga ni hasara: inaosha rutuba na kuipeleka ziwani. Udongo wa namna hiyo, popote pengine Tanganyika, ungelimwa misimu miwili mitatu, kisha mkulima angeuacha upumzike miaka kadhaa na kusogea mbele.

Wakara hawakuwa na mbele ya kusogea. Mbele ni maji.

Wenyewe ni watu wenye lugha yao, Kikara, ambayo ni ndugu wa karibu wa Kijita na Kikwaya cha mwambao wa Mara, wala haifanani sana na Kikerewe cha kisiwa jirani, kilicho karibu zaidi na Kihaya na Kizinza. Nalitaja hili kwa sababu mara nyingi Ukara hutajwa kama mkia wa Ukerewe, kitu cha kuongezea mwishoni mwa sentensi. Wilaya ni moja, ndiyo, lakini Wakara walitengeneza kilimo ambacho majirani zao hawakuwa nacho, na walikitengeneza wenyewe, bila bwana shamba.

Mwaka 1936, katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records, D. Thornton na N. V. Rounce walichapisha makala juu ya kisiwa hiki na kilimo chake. Walichokieleza kilikuwa kama kioja kwa watumishi wa serikali ya kikoloni. Wakati huo maofisa wa kilimo walikuwa wanahangaika na mmomonyoko wa udongo Usukumani, wanahesabu ng'ombe waliozidi malisho, wanahofia kwamba Mwafrika hajui kutunza ardhi. Na hapa, saa chache za mtumbwi kutoka Ukerewe, walikuwapo watu waliolima shamba lile lile kila mwaka, wenye msongamano wa zaidi ya watu 200 kwa kilomita moja ya mraba, na ardhi yao haijachoka.

Hesabu yenyewe inatisha ukiifanya polepole. Watu wapatao 16,000 katikati ya karne iliyopita, kwenye hekta 7,700. Kila mtu, mtoto na mzee, ana chini ya nusu hekta. Toa majabali. Toa vilima visivyolimika, viwanja vya nyumba, njia, fukwe. Kilichobaki ndicho cha kulisha watu pamoja na ng'ombe wao. Hakuna pori la kuchungia. Hakuna konde la akiba.

Kwa hiyo kila kitu kilichoota kilikuwa na kazi na kilikuwa na mwenyewe. Mashamba yalimilikiwa na mtu mmoja mmoja, yakarithiwa, yakauzwa, yakagawanywa hadi kaya moja ikawa na vipande vingi vidogo vilivyotawanyika: kimoja mteremkoni, kingine bondeni, kingine karibu na ziwa. Mti nao ulikuwa na mwenyewe. Watu waliupanda na kuutunza, maana majani yake yalikuwa chakula cha ng'ombe na matawi yake yalikuwa kuni na nguzo. Mtu hakukata tawi la jirani kama vile asivyochuma njugu zake.

Zao kubwa lilikuwa uwele. Mzunguko wake ulienda kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza samadi ya shimoni ilimwagwa na uwele ukapandwa. Uwele ukiwa umesimama, mkulima alipita katikati yake akipanda marejea, ule mmea wa jamii ya kunde wenye maua ya manjano. Uwele ukavunwa, marejea yakabaki shambani yakikua peke yake, kisha yakafukiwa yangali mabichi kuwa mbolea. Mwaka wa pili uwele ulikula mbolea hiyo. Mwaka wa tatu uwele ulirudi tena, safari hii na njugu mawe, ambazo nazo hurutubisha udongo. Kisha shimo la ng'ombe lilifukuliwa na mzunguko ukaanza upya. Mtama, muhogo na viazi vilikuwa na mahali pao, na mabondeni, maji yanakotuama, ulilimwa mpunga.

Leo vyuo vya kilimo hufundisha marejea kama teknolojia ya kisasa. Nafurahi kwamba wanaifundisha. Ningefurahi zaidi kama mwanafunzi angeambiwa kwamba bibi mmoja wa Bukiko, ambaye jina lake hatutalijua, aliijua kabla ya chuo kujengwa.

Malisho ndiyo yaliyowatoa jasho zaidi. Ng'ombe wa ndani anakula kila siku, na kila siku nyasi lazima ipatikane mahali. Kando ya ziwa Wakara walichimba mashimo mapana, wakateremka kwenye mchanga hadi walipoyakuta maji, na humo chini wakapanda matete na nyasi nyingine za malisho. Kiangazi, kisiwa kikiwa kimekauka juu, mashimo hayo yalibaki ya kijani. Mifereji ilipitishwa kunywesha malisho mengine. Kwenye miteremko walijenga kingo za mawe kuzuia udongo usiteremke, na udongo ulioteremka walijua kuurudisha.

Nyumba ilitii sheria hiyo hiyo. Msonge wa nguzo, udongo na nyasi ni nyumba rahisi kwenye nchi yenye pori. Kwenye kisiwa kisicho na pori kila fimbo ina bei. Nyasi iliyopanda paani haikuingia tumboni mwa ng'ombe. Mti uliokatwa kuwa nguzo haukutoa tena majani. Kujenga kulikuwa ni kuchagua, na nadhani ndiyo sababu mtu na ng'ombe walikaa chini ya paa moja: banda la pili lingekuwa paa la pili. Pia samadi ilikuwa na thamani kubwa mno kuachwa ioshwe na mvua nje. Walioona jambo hili kama uchafu au ushamba hawakuwahi kujiuliza mwenye nyumba angekula nini mwakani.

Ng'ombe wenyewe walikuwa wachache, mmoja au wawili kwa kaya nyingi, na si kila kaya ilikuwa naye. Asiye na ng'ombe alikuwa na shida ya pekee: ardhi yake ilikuwa na njaa. Umaskini wa Ukara ulianzia kwenye shimo tupu.

Visiwa hivi vilithamini uzao kuliko kitu chochote. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, mke na mume wanaohangaika kupata mtoto; mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili, na ilitoka mwaka 1980. Anayeisoma anaona namna nyumba isiyo na mtoto ilivyohesabiwa kuwa nyumba iliyozimika. Hiyo ni Ukerewe, na Wakara ni watu wengine, lakini hamu ya watoto haikuvuka maji ikapotea. Watoto walizaliwa. Swali ni walienda wapi, maana jambo la ajabu kuhusu Ukara ni kwamba kwa miongo mingi watu wake walibaki karibu idadi ile ile.

Walihama. Kizazi baada ya kizazi, kisiwa kilijaa hadi ukingoni, na kilichozidi kikamwagika: kwenda Ukerewe, kwenda mwambao wa Mwanza na Musoma, baadaye Geita, ambako serikali ilikuwa inafungua mapori na kuhamasisha watu wa maeneo yaliyosongamana wakaishi. Kijana aliyeona kipande cha baba yake kinagawanywa kati ya ndugu wanne alijua hesabu yake bila kufundishwa.

Na hapa historia inageuka. Wataalamu walitarajia kwamba Mkara akihamia bara atabeba ufundi wake: atachimba shimo la ng'ombe, atapanda marejea, atajenga kingo, na majirani zake Wasukuma watamwiga. Haikuwa hivyo. Mtafiti wa Kijerumani H.-D. Ludwig, aliyechunguza kilimo cha Ukara katika miaka ya 1960, na ambaye kazi yake iliingia kwenye kitabu kilichohaririwa na Hans Ruthenberg mwaka 1968, alionyesha jambo ambalo tangu hapo limenukuliwa mara nyingi na wanauchumi wa kilimo. Mkara alipofika kwenye ardhi ya kutosha aliacha karibu kila kitu. Alilima eneo kubwa kwa kazi chache, akamtoa ng'ombe nje akachunge, na shamba likichoka akasogea.

Wapo waliosikitika kana kwamba amesaliti urithi. Mimi sioni usaliti. Kubeba samadi kichwani ni kazi inayovunja shingo. Kukata majani kila siku ya mwaka, kuyafukia marejea kwa jembe la mkono, kusimama kiunoni ndani ya shimo la matete, hayo yote yalitoa chakula cha kutosha kwa siku nzima ya jasho, na mara nyingi si zaidi. Yalikuwa yakifanywa na wanawake na watoto pamoja na wanaume, kiangazi na masika, na maji yale ya mabondeni na ufukweni yalikuwa na kichocho, ugonjwa ambao hadi leo unaisumbua wilaya nzima ya Ukerewe. Bara, jembe lile lile lilileta zaidi. Mtu aliyepata nafasi ya kupumzika akapumzika hana deni kwa mtu.

Kabla ya hapo, ng'ambo ya maji, serikali ya kikoloni ilikuwa inawalazimisha Wasukuma kwa sheria ndogo wafanye yale ambayo Wakara walifanya bila sheria: kufunga matuta, kutia samadi, kupunguza mifugo. Mradi wa Usukuma ulioanza baada ya Vita Kuu ya Pili ulijaa amri na faini, na chuki iliyozaliwa humo ilikuja kukinufaisha TANU, chama kilichodai uhuru. Mwaka 1958 Geita iliwaka maandamano. Maofisa waliokuwa wamesoma habari za Ukara waliona ufundi. Hawakuona kilichousukuma. Usukumani bado kulikuwa na mahali pa kusogea, na asiyebanwa na ardhi hawezi kufanywa abanwe kwa barua ya bwana shauri.

Kisha ziwa lenyewe likabadilika. Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, aliongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, akawamaliza wengi wa furu waliokuwa wamejaa majini, na miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza kumsafirisha Ulaya. Kwa watu wa visiwani mwalo ukawa shamba jipya. Kijana asiye na kipande cha ardhi aliweza kuingia mtumbwini kama kibarua akapata fedha mkononi usiku mmoja. Wengine walishika dagaa: usiku usio na mbalamwezi karabai zikawa zinatapakaa majini, na asubuhi dagaa wakaanikwa mchangani. Fedha ilianza kuingia nyumba zilizokuwa zinapima utajiri kwa kina cha shimo.

Fedha ya samaki ina tabia yake. Haingoji miaka mitatu. Mtu mwenye fedha ya sangara hununua unga, na akinunua unga, uwele wake unaweza kungoja. Uwele ukingoja, samadi nayo inangoja. Muhogo, usiodai sana, ukachukua nafasi kubwa mashambani, hadi magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia yalipoushambulia Kanda ya Ziwa na kuacha kaya nyingi zikichimba mizizi iliyooza. Nyumba nazo zikaanza kubadilika sura. Bati likaja, tofali za kuchoma zikaja, saruji ikaja, na hakuna kati ya hivyo kinachoota Ukara. Mwaka 2016 Bwisya ikapata umeme wa jua, na mashine za kusaga na friji za samaki zikaanza kunguruma mahali ambapo usiku ulikuwa na sauti ya mawimbi peke yake.

Kuhama hakukukoma. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 345,000 katika wilaya nzima ya Ukerewe. Ile ya 2022 ilihesabu karibu 388,000. Katika miaka hiyo kumi nchi iliruka kutoka watu milioni 44.9 hadi milioni 61.7. Wilaya iliongezeka kama asilimia 12, nchi zaidi ya asilimia 37. Watoto hawakuzaliwa wachache visiwani kuliko bara kiasi hicho. Wamevuka.

Kuvuka ndiko kulikokuwa maisha. Kisiwa kilichokuwa kinajilisha chenyewe kwa jasho sasa kilifungwa na kamba ya kivuko kwenye gati la Bugolora, upande wa Ukerewe, mahali penye gulio la Alhamisi. Wakara walivuka kuuza, wakavuka kununua, wakavuka kwenda hospitali, benki, ofisi za wilaya, wakarudi jioni na mizigo.

Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kiliondoka Bugolora mchana kikiwa kimejaa watu waliotoka gulioni. Kilisajiliwa kubeba abiria 101. Kilipokaribia gati la Ukara, umbali ambao mtu aliye ufukweni angeweza kumtambua ndugu yake kwa sura, kilipinduka. Watu waliokuwa wanangoja kupokea mizigo walikimbilia mitumbwi. Arobaini na mmoja waliokolewa wakiwa hai, na mmoja wao, fundi wa kivuko hicho, alitolewa ndani yake baada ya siku mbili. Waliokufa walihesabiwa 228. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, na baadhi ya marehemu walizikwa pamoja hapo Bwisya, kwenye ule mchanga mwepesi ambao babu zao waliulisha samadi.

Maswali mengi yaliulizwa siku zile juu ya idadi ya abiria, juu ya matengenezo, juu ya wajibu wa nani, na yalistahili kuulizwa. Mwaka 2020 kivuko kipya na kikubwa zaidi kilianza safari. Mimi nimebaki na habari moja ndogo iliyopita haraka kwenye taarifa za wakati ule, ya shehena iliyokuwa sitahani pamoja na watu. Ilikuwa mahindi, ndizi na saruji.

Mahindi na ndizi, kwa kuwa shimo la ng'ombe halilishi tena kisiwa. Saruji, kwa kuwa mtu fulani, aliyerudi Ukara Alhamisi ile wakati wengi wanaondoka, alikuwa anajenga nyumba.